Mwenye Shamba ni Nani

Watu wa Kiplombe husema Waiyego ni mama mpole. Wanasema hivyo kwa sababu hupita njiani akisalimia kila mtu, na kwa sababu kanisani yeye ndiye huachiwa vikombe vya chai baada ya ibada, akaviosha vyote bila kunung'unika. Ni uongo mtupu. Waiyego ana hasira tangu akiwa msichana, ila aliifunga kama watu wanavyofunga mbwa mkali mchana, na miaka ilivyosonga majirani wakasahau kwamba boma lile lina mbwa. Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, saa tatu asubuhi, ndani ya Kituo cha Huduma Mlangoni, mnyororo ulikatika.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Shamba lake la ekari nne lilikuwa limeshalimwa na trekta na kupigwa haro, udongo umelainika, mbegu ziko juu ya kabati zisije zikaliwa na panya. Kilichobaki kilikuwa mbolea ya kupandia. Ile ya serikali, ya bei nafuu, ilijaa ghalani hadi mlangoni, lakini siku hizi huwezi kwenda ghalani ukasema wewe ni mkulima ukaaminika kwa kuangaliwa mikono. Sharti uwe na namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mkulima, na mgawo wa msimu ule ulikuwa unafungwa Ijumaa. Bei ya mbolea ya dukani alishaiuliza, akacheka kidogo, akatoka. Basi mambo yalikuwa mawili tu: apate namba kabla ya Ijumaa, ama apande bila mbolea na mwezi wa kumi avune mabua.

Kituo chenyewe ni kontena la chuma lililopakwa rangi ya buluu, nyuma ya ofisi ya chifu. Limetobolewa dirisha, likawekwa kompyuta mbili ndani na sola juu ya paa. Mbele limeandikwa HUDUMA MLANGONI kwa herufi kubwa, na mlango wenyewe uko juu kiasi kwamba mama mwenye goti bovu lazima avutwe mkono ndipo aingie. Anayehudumu hapo ni Oluoch, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyehamia kutoka upande wa ziwa, shati lake limepigwa pasi kila siku, sauti yake ya chini. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akimfokea mtu. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu mambo haya yangekuwa rahisi kama Oluoch angekuwa mtu mbaya.

“Mama, nipe kitambulisho,” alisema.

Waiyego akampa chake. Oluoch akabonyeza, akangoja, akakunja uso.

“Hapa wewe hauko, Mama. Nipe ya mwenye shamba.”

“Ndiyo hiyo.”

“Shamba iko chini ya Muchiri.”

“Muchiri ni mzee wangu. Alikufa mwezi wa nane.”

“Pole sana, Mama.” Alisema kwa moyo, maana aliondoa mikono kwenye kibodi kwanza. “Sasa, code imeenda kwa simu ya Mzee. Ile inaishia four-one-eight. Umekuja nayo?”

Simu ya Muchiri ilikuwa kwenye droo tangu wiki ya mazishi, betri imevimba kama mandazi. Waiyego hakuwahi kuiwasha tena. Angeiwasha aongee na nani?

“Basi futa yeye, uandike mimi,” alisema. “Kitambulisho niko nacho, simu niko nayo, shamba niko nalo.”

“Nikitaka kumtoa, system inaitisha code.”

“Code ya nani?”

“Ya mwenye shamba.”

“Mwenye shamba ako kaburini, Oluoch.”

“Naelewa, Mama. Kuna njia ingine, tunaweka cheti cha kifo. Lakini hiyo inachukua siku ishirini na moja.”

“Na mvua nayo utaiambia ingoje siku ishirini na moja?”

Oluoch alifanya alichoweza: alipiga ile namba ya Muchiri kwa simu ya kituo, akaweka sauti juu. Alitarajia kusikia kwamba mteja hapatikani. Simu ikaita. Ikaita mara nne, na Waiyego, ambaye alimzika mumewe kwa mikono yake na kumwaga udongo mwenyewe, akajikuta ameshika ukingo wa meza.

“Haloo?” Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Kumbe kampuni ya simu ilikuwa imeiona ile laini kimya miezi kadhaa, ikaichukua, ikaiuza kwa mtu mwingine. Ndivyo wanavyofanya, Oluoch alieleza baadaye. Laini isiyoongea huhesabiwa haina mwenyewe.

“Haloo, mimi ni Mama Nderitu wa Kiplombe,” Waiyego alisema, akainama karibu na simu. “Kuna ujumbe umeingia hapo sasa hivi. Uko na namba sita. Tafadhali nisomee.”

Kisha yule mwanamke akacheka, kicheko kikavu.

“Ai. Siku hizi wezi mnatumia hata akina mama wazee? Namba yangu ya siri nikusomee wewe? Shindwe.”

Simu ikakatwa. Oluoch akajaribu tena, haikupita. Namba ya kituo ilikuwa imefungiwa. Juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na bango la serikali lenye picha ya mtu ameweka kidole mdomoni: USIMPE MTU YEYOTE NAMBA YAKO YA SIRI. Waiyego alilisoma lote, polepole, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasema, kwa sauti iliyowafanya wanawake wote waliokuwa foleni nje wachungulie mlangoni, kwamba mtu aliyeleta huduma mlangoni kwake akaifungia ndani na maiti ni mtu mjinga. Wanawake walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia hata akipandisha sauti kwa kuku.

Njiani kurudi nyumbani hasira ilianza kumgeukia mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani aliyemwandika Muchiri? Alikumbuka vizuri sana. Ilikuwa miaka mitano nyuma, watu wa usajili walipokuja wakapiga hema katika uwanja wa kanisa. Alipanga foleni tangu saa moja, miguu ina matope ya shambani, kitambulisho chake kimefungwa kwenye leso. Alipofika mezani kijana wa usajili akauliza bila kuinua macho, “Mwenye shamba ni nani?”

Angesema, mimi. Ni neno dogo. Ekari zile nne yeye ndiye aliyezipanda, akazipalilia na kuzivuna kwa miaka ishirini na sita. Muchiri alikuwa dereva wa lori, baadaye nyonga ikamharibikia, akawa mtu wa kukaa. Hakuwa mume mbaya. Aliimba vizuri, alijua kuchekesha watoto, na mshahara wa lori ndio uliomsomesha mtoto wao Nderitu mpaka akafika huko Nairobi aliko. Lakini jembe alilijua kwa kuliona. Siku ile alikuwa ameketi kivulini na wazee wenzake, soda mkononi, na Waiyego aliona vibaya mwanamke kujitaja mwenye shamba na mumewe yuko hapo anamsikia. Wazee wangesema nini? Kwa hiyo akageuka, akaita kwa heshima zote, “Baba Nderitu, unaitwa huku.” Muchiri akainuka polepole, akaja akiwa na soda yake, akataja namba yake, akarudi kivulini. Dakika moja haikufika. Yeye Waiyego alisimama pembeni akitabasamu, kitambulisho chake bado kimefungwa kwenye leso.

Akikumbuka tabasamu lile alitamani kujizaba kofi.

Jumanne alikwenda mjini, kwenye ofisi kubwa. Alipanga foleni mbili, ya kwanza ikiwa ya kuulizia foleni ya pili iko wapi. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kioo alimsikiliza nusu, akamuuliza anatoka wapi.

“Kiplombe.”

“Kiplombe mko na kituo, Mama. Hizi vitu tuliwaletea karibu ndio msisumbuke kuja mpaka huku.”

“Nimetoka huko. Hawawezi.”

“Hata sisi hatuwezi. Ya Kiplombe inafanywa Kiplombe. Rudi uweke cheti cha kifo, ungoje siku ishirini na moja. Mvumilivu hula mbivu.”

“Mbivu ya nini, na sijapanda?” Waiyego aliuliza.

Mwanamke wa kioo akaita mtu anayefuata. Waiyego alitoka nje akasimama kwenye ngazi, watu wakimpita pande zote, akahesabu alichojifunza. Zamani, huduma zilipokuwa mbali, mtu alikuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Sasa zimeletwa karibu, na malalamiko hayana tena pa kupelekwa. Dada yake aliye Moiben alikuwa ameshamaliza kupanda. Alimpigia simu jioni ile akamweleza hivyo kwa furaha, na Waiyego akamjibu vibaya, akalazimika kumpigia tena kuomba msamaha.

Kitu kimoja hakikumtoka akilini: ile sauti. Mtu mwenye sauti ana jina, na mtu mwenye jina ana mahali anapolala. Jumatano asubuhi, baada ya kukamua, alifanya jambo ambalo kila mtu nchini hulifanya anapotaka kumjua mtu. Alituma shilingi ishirini kwa namba ya marehemu. Simu yake ikatetemeka, ujumbe ukaja kwamba pesa zimemfikia Akello. Hapo akavuka ua kwenda kwa Joyline, mke wa jirani, ambaye ana simu ya kioo kikubwa. Joyline akaiingiza namba kwenye WhatsApp, na picha ikafunguka: mwanamke mnene, futi ya kupimia nguo shingoni, amesimama mbele ya ukuta wa manjano.

“Hiyo ukuta naijua,” Joyline alisema. “Ni Munyaka. Hapo ndio tulishonewa sare ya choir.”

Alhamisi Waiyego alivaa nguo ya kanisani, akaweka kwenye mkoba kitambulisho cha mumewe, cheti cha kifo na kijitabu cha programu ya mazishi. Alipofika Munyaka hakuhitaji kuuliza. Ukuta wa manjano ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kukoza: AKELLO FASHIONS, SARE ZA SHULE. Chini yake, kubwa kuliko jina lenyewe, ilikuwa namba ya simu ya Muchiri. Namba hiyo Waiyego aliijua kwa moyo miaka kumi na tisa. Aliwafundisha watoto kuiimba ili wakipotea waweze kuitaja. Ilimuuma kuiona pale, wazi, kila mpita njia akiisoma. Alisimama barabarani mpaka maumivu yakageuka tena kuwa kile alichokuja nacho, ndipo akaingia.

“Karibu, Mama,” Akello alisema bila kusimamisha cherehani. “Ni sare ya shule gani?”

“Hiyo namba umeandika hapo nje ni ya bwana yangu.”

Cherehani ikanyamaza. Akello akamtazama, na makasi aliyoyashika hakuyaweka chini.

“Hiyo sauti naijua. Ni wewe ulinipigia Monday. Sasa mwizi amekuja kwa miguu yake.”

“Mimi si mwizi.”

“Kila mwizi husema hivyo. Tangu Monday nimetumiwa hizo code mara tisa. Tisa! Nimeenda kuripoti kwa polisi nikaambiwa nizime simu. Nizime vipi na nimeipaka kwa ukuta? Na si wewe peke yako. Kuna mzee ananipigia kila mwezi kuniuliza kama ndume ya kupanda ng'ombe wake iko. Namwambia mimi ni fundi wa nguo, ananiambia nimpe Muchiri.”

“Huyo ndume tulimchinja kwa mazishi,” Waiyego alisema.

Hakukusudia kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Alifungua mkoba akaweka programu ya mazishi juu ya kitambaa cha buluu kilichokuwa mezani. Muchiri alikuwa hapo mbele, ndani ya koti aliloazimwa na kaka yake, anatazama kando kidogo. Akello akaweka makasi chini. Alilinganisha jina na kile kitambulisho, herufi kwa herufi, akalinganisha tarehe na cheti cha kifo. Kisha akafungua ukurasa wa ndani, akaanza kusoma kwa sauti, kama watu wanavyosoma jambo wakiwa bado wanaamua kama wataliamini.

“Marehemu alikuwa mkulima hodari, aliyeamka alfajiri kwenda shambani mwake na...”

“Hiyo ni uongo,” Waiyego alisema. “Iliandikwa na kaka yake.”

Akello akainua macho.

“Ilisomwa mbele ya watu mia tatu,” Waiyego aliendelea. “Nikakaa kwa kiti cha mbele na nguo nyeusi nikaisikiza. Mkulima hodari. Mimi ndio nilikuwa nimepanda ile mahindi walikuwa wanakula githeri yake hapo. Na sikusema kitu. Nilisema asante. Sasa nimekuja kwako unisomee namba sita ndio nipande ingine, na wewe unaniita mwizi. Uko na haki. Bango inasema usipee mtu. Lakini niambie, mimi nitaenda kwa nani?”

Akello akavuta kiti kimoja, akakifuta nyuzi kwa kiganja.

“Keti, Mama,” alisema. Baadaye akasema, bila kumtazama, “Kuna kitu sijakuambia. Wiki mbili zimepita kuna message ilikuja. Ndugu Muchiri, mifuko yako minne ya mbolea iko tayari, chukua na hii namba. Nikasema hawa wakora sasa wamefika kwa mbolea. Nikafuta.”

Waiyego alitaka kumkasirikia. Alijaribu kabisa. Lakini yeye mwenyewe angefuta, tena haraka zaidi, na hilo lilimwacha na hasira isiyokuwa na mtu wa kuibeba.

Walimpigia Oluoch hapo hapo. Akasema mtandao umelala tangu saa tano, wajaribu kesho mapema. Akello akaahidi kwamba saa mbili kamili asubuhi simu itakuwa mkononi mwake hata kama mteja amevaa nguo nusu. Alipokuwa akimsindikiza hadi barabarani alisimama ghafla.

“Sasa kule nyumbani, bima ya mama yangu,” alisema. “Tulipoandikisha tuliweka namba ya kaka yangu mkubwa, kwa sababu yeye ndiye mwanaume. Na kaka yangu hubadilisha laini kama soksi.” Alitikisa kichwa. “Wacha nimpigie.”

Ijumaa, saa mbili kasoro, Waiyego alikuwa wa kwanza foleni. Nyuma yake walipanga wanawake kumi na mmoja na mzee mmoja mwenye bakora. Oluoch alimvuta mkono akapanda kidato, akawasha mashine, akabonyeza. Wakangoja. Simu ya Waiyego ikaita, na kwenye kioo chake yakatokea maneno ambayo hakuwahi kuwa na moyo wa kuyafuta: Baba Nderitu.

“Mama, imeingia,” sauti ya Akello ilisema. “Andikeni. Saba, sifuri, mbili...”

Oluoch aliandika zote sita. Mashine ikafikiri. Kisha ukurasa ukafunguka, wa kijani, ukamkaribisha Muchiri kwa jina na kumpa vitufe viwili. Oluoch aliugeuza uso wa kompyuta ili Waiyego naye asome. Cha kwanza kilisema: Toa mgawo wa msimu. Cha pili kilisema: Badilisha mwenye shamba.

“Bonyeza yote mbili,” Waiyego alisema.

“Haiwezekani, Mama.” Oluoch alishusha sauti. “Ukichukua mbolea, hii jina imefungwa mpaka msimu ujao. Ukibadilisha kwanza, mgawo wa Mzee unakufa, na wewe unaanza kuhesabiwa baada ya siku ishirini na moja. Mwaka huu utakuwa umekosa.”

“Kwa hivyo nikitaka mbolea, yeye ndiye mwenye shamba. Na nikitaka shamba, nakosa mbolea.”

“Ndio hivyo.”

“Nani alitengeneza hii kitu?”

“Sijui, Mama. Mimi huletewa tu.” Kisha akainama karibu kabisa, na alichosema alikisema kwa wema. “Watu wengi hufanya hivyo. Mwache Mzee aishi kidogo.”

Waiyego akageuka kutazama mlangoni. Wanawake walikuwa wamesogea, wameshika ukingo wa kontena, wanasikiliza bila aibu.

“Ni nani hapa anachukulia marehemu?” aliwauliza.

Wakatazama chini. Aliyejibu kwanza alikuwa Mama Kipkirui, jirani yake wa upande wa mtoni.

“Wangu ako na miaka minne kaburini,” alisema. “Kila msimu anachukua mifuko mitatu. Alipokuwa hai hakuwahi kubeba hata mmoja.”

“Wangu miwili,” mwingine akasema.

“Na code mnapata wapi?”

“Laini yake naiwekea kredo kila mwezi,” Mama Kipkirui alisema. “Najipigia nayo ndio isife. Hukuambiwa?”

Hakuambiwa. Alipofiwa walimletea unga, sukari, nyimbo na wiki nzima ya maombi, wakamwoshea vyombo na kumkamulia ng'ombe, lakini hili hakuna aliyemwambia, kwa sababu kila mmoja alidhani ni aibu yake peke yake. Miaka minne mama huyu alikuwa akijipigia simu kutoka kwa maiti, na wote wakinywa chai pamoja kila Jumapili. Waiyego alitaka kubonyeza kile kitufe cha pili kwa ngumi. Alitaka serikali nzima ione jina lake limesimama peke yake mbele ya ekari nne, hata kama ni ekari nne za mabua. Kidole chake kilifika mpaka kwenye kioo, na Oluoch hakumzuia.

Lakini alikuwa mkulima. Mkulima haadhibu mtu kwa kutopanda. Nje mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena juu ya paa la chifu.

“Toa mbolea,” alisema. Mwili wake wote ulikuwa unamwambia hapana. “Na nyinyi,” akawaambia wale wa mlangoni, “wenye waume hai, leo kila mmoja aseme namba yake mwenyewe. Ukisikia unaulizwa mwenye shamba ni nani, usigeuke nyuma kuita mtu.”

Mzee mwenye bakora akakohoa. Hakuna aliyemjali. Mwanamke aliyekuwa wa pili kwenye foleni, kijana bado, mtoto mgongoni, akafungua pochi yake akatazama vitambulisho viwili alivyobeba, cha mumewe na chake. Akarudisha kimoja. Oluoch aliuona mkono wake, akavuta kibodi karibu, akasema yuko tayari.

Mifuko minne ilifika jioni kwa mkokoteni. Kwenye stakabadhi paliandikwa Muchiri, mara tatu, na pahali pa sahihi Waiyego aliweka sahihi yake, wala karani wa ghala hakuangalia.

Jumamosi alipanda. Alikuwa na wanawake wawili wa kibarua, mmoja anachimba, mmoja anaweka mbolea, yeye mwenyewe anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Walianzia barabarani wakashuka mistari iliyonyooka mpaka pembe ya chini, kwenye ua, pale Muchiri alipozikwa. Tuta la kaburi lilikuwa limeota nyasi. Waiyego aling'oa magugu kwa mkono mmoja akipita, kama angeng'oa popote pale, na alikuwa amebakiza mashimo machache simu ilipoita mfukoni. Baba Nderitu.

“Usishtuke, Mama, si code,” Akello alisema. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma yake. “Kuna message imeingia. Wanamuuliza Mzee swali.”

“Soma.”

“Ndugu Muchiri, asante kwa kutumia Huduma Mlangoni. Je, umeridhika na huduma uliyopewa? Jibu moja ukiwa umeridhika, mbili ukiwa na malalamiko.” Akello akauliza, “Niwajibu nini?”

Waiyego alinyoosha mgongo. Matope yalikuwa yamemfika magotini, na mkono wenye simu ulinuka mbolea. Alitazama lile tuta kwa muda.

“Weka moja,” alisema. “Mzee hana malalamiko.”

“Na wewe, Mama?”

“Mimi hawajaniuliza.”